Hilali Iliyobaki Jichoni

Daktari alimpa mgonjwa kalamu na karatasi, akamwomba achore lile doa jeusi lililokaa katikati ya kila alichokitazama kwa jicho lake la kushoto. Mgonjwa alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Akachora umbo lililopinda, lenye ncha mbili: hilali kamili, kama ya mwezi mwandamo. Baadaye, mashine iliyopiga picha ya seli za nyuma ya jicho lake ilitoa jeraha lenye umbo hilohilo.

Hayo yalitokea New York, siku chache baada ya tarehe 21 Agosti 2017, pale kivuli cha mwezi kilipoikata Marekani kutoka bahari ya Pasifiki hadi Atlantiki. New York haikuwa kwenye njia ya giza kamili. Huko jua lilifunikwa kwa sehemu tu, na kilichobaki angani kilikuwa kipande kilichopinda kikiwaka. Msichana yule alikitazama kwa macho matupu mara kadhaa, kila mara kwa takriban sekunde 6, kisha akakitazama tena kwa sekunde 15 hadi 20 akiwa amevaa miwani aliyoamini ni ya kuangalia kupatwa kwa jua. Hakusikia maumivu. Saa chache baadaye ukungu ukaanza kuingia machoni.

Madaktari wa New York Eye and Ear Infirmary walipompima kwa chati ya herufi, jicho la kulia lilisoma sawasawa na jicho zima, na la kushoto likakosea kidogo sana. Lau uchunguzi ungeishia kwenye chati, pengine angeambiwa arudi nyumbani akapumzike. Lakini walipiga picha za retina, na Desemba mwaka uleule wakachapisha habari zake katika jarida la JAMA Ophthalmology. Jua lilikuwa limechora sura yake ndani ya jicho la binadamu, na sura hiyo ikaonekana seli kwa seli.

Kisa hiki kinastahili kusimuliwa Afrika Mashariki leo, kwa sababu jua litapatwa tena juu ya vichwa vyetu tarehe 2 Agosti 2027. Tutafika huko. Kwanza yafaa kueleweka jicho hujeruhiwa vipi bila mwenyewe kujua, na picha inaweza kusema nini kuhusu kupona kwake.

Retina ni utando mwembamba ulioko ukutani mwa jicho, upande wa nyuma. Ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa habari zinazosafiri kwenye neva hadi ubongoni. Katikati ya utando huo pana sehemu ndogo iitwayo makula, na penye kitovu cha makula ndipo uoni mkali ulipo. Hapo ndipo mtu anaposomea msahafu au Biblia, anapotunga uzi kwenye tundu la sindano, anapotambua uso wa mwanawe kwenye umati. Mtu anapolitazama jua, lenzi ya jicho hulikusanya lote kuwa kiduara chenye upana wa takriban milimita 0.16, na kwa kuwa amelielekezea macho makusudi, kiduara hicho huangukia pale pale penye kitovu.

Wengi hudhani retina hupikwa kwa joto la jua. Kwa kawaida sivyo. Mwanga wenyewe, hasa ule wa buluu, huzusha ndani ya seli kemikali zinazoharibu, na uharibifu huo huendelea taratibu hata baada ya mtu kuingia ndani. Retina haina neva za maumivu. Ndiyo maana mtu hutazama, hufurahi, hula chakula cha jioni na wenzake, na asubuhi hukuta doa katikati ya uso wa anayezungumza naye.

Siku ya kawaida jicho hujikinga lenyewe: ukilielekea jua, macho hufumba na machozi hutoka. Jua linapopatwa, mwanga wa mazingira hupungua, mboni hutanuka, na mtu huweza kulikodolea macho bila kusumbuka. Lakini kile kipande kilichobaki hakijapunguza ukali wake hata kidogo. Kila sehemu yake inawaka kama ilivyowaka jana.

Zamani daktari asingeweza kuyajua haya kwa kutazama. Kwa karne nyingi mboni ya mtu aliye hai ilikuwa shimo jeusi, kwa sababu anayechungulia huuziba kwa kichwa chake ule mwanga ambao ungemwezesha kuona ndani. Mwaka 1851 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz, akifundisha Königsberg, alitangaza kifaa chenye kioo kilichopeleka mwanga ndani ya jicho na kumruhusu daktari kutazama kwa njia ileile. Hapo ndipo retina, mishipa yake ya damu na mwanzo wa neva ya jicho vilipoonekana kwa mtu anayepumua. Hakuna mahali pengine mwilini ambapo daktari huiona mishipa ya damu waziwazi namna hiyo bila kupasua.

Kuiona ni jambo moja, kuiweka kwenye picha ni jingine. Mwaka 1886, nchini Uingereza, Jackman na Webster walipiga picha ya retina ya mtu aliye hai. Kamera ilifungwa kichwani mwa mhusika, naye akatakiwa kutulia dakika 2 na nusu bila kuyumbisha jicho. Mwaka 1961 Harold Novotny na David Alvis, waliokuwa wanafunzi wa udaktari Indianapolis, walionyesha kwamba dawa ya rangi iitwayo fluoresini, ikidungwa mkononi, hung'aa inapopita kwenye mishipa ya retina, na mahali penye kuvuja hujulikana. Walimjaribia Alvis mwenyewe. Jarida la macho lilikataa makala yao, wakaenda kuichapisha kwenye jarida la moyo, Circulation. Hadi leo dawa hiyo hutumika duniani kote.

Mageuzi makubwa kwa majeraha, hata hivyo, yalikuja mwaka 1991. David Huang, wakati huo bado mwanafunzi, James Fujimoto wa chuo cha MIT, na Eric Swanson, mhandisi aliyekuwa akishughulika na mawasiliano ya satelaiti kwa mwanga, wakiwa na wenzao kadhaa, walitoa katika jarida la Science habari za mashine ambayo hospitalini leo huitwa OCT. Inafanya kazi kwa mwangwi. Inapeleka jichoni mwanga wa infraredi, kisha inapima sehemu ya mwanga huo iliyorudishwa na kila tabaka la retina. Mwanga una kasi mno, hakuna saa ya kuupima ukienda na kurudi katika umbali mfupi hivyo. Kwa hiyo mwanga unaorudi hulinganishwa na mwanga mwingine uliosafiri umbali unaojulikana, na kutokana na jinsi miale hiyo miwili inavyokutana, mashine hujua kila tabaka liko kina gani.

Matokeo yake ni picha ya retina iliyokatwa ubavuni bila kisu, tabaka juu ya tabaka, kama chapati ya kusukuma iliyopasuliwa katikati. Katika kitovu cha makula, unene wote huwa karibu robo ya milimita, na ndani ya robo hiyo mashine za sasa hutenganisha vitu vilivyoachana kwa mikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu moja ya milimita. Mgonjwa huweka kidevu kwenye kiegemeo cha mashine, hutazama nukta, na baada ya muda mfupi kazi imekwisha. Hakuna sindano wala kuguswa. Kampuni ya Carl Zeiss ilianza kuiuza mwaka 1996, na mwaka 2023 Fujimoto, Huang na Swanson walipewa tuzo ya Lasker, mojawapo ya heshima za juu kabisa za utabibu.

Katika picha hiyo ipo mistari miwili mitatu inayong'aa karibu na ukuta wa nje. Mmoja wao unahusu sehemu ya seli zinazopokea mwanga, pale zinapotengeneza nguvu zake. Daktari anayefuatilia jeraha huutafuta mstari huo kwanza. Ukiwa mzima kutoka upande hadi upande, moyo wake hutulia. Ukiwa umekatika katikati, hata kwa upana wa unywele, hapo ndipo penye doa analolalamikia mgonjwa. Kwa majeraha ya jua, mara nyingi ndiyo dalili yenyewe: ufa mdogo kwenye mstari, katika jicho ambalo kwa kifaa cha Helmholtz lingeonekana halina neno.

Mashine iliyoionyesha hilali ya New York ilikwenda mbali zaidi. Asili yake ni elimu ya nyota. Wanaastronomia walikuwa wakisumbuliwa na hewa inayotikisa mwanga wa nyota, wakabuni vioo vinavyojikunja na kujinyoosha ili kuusahihisha. Mwaka 1997 Junzhong Liang, David Williams na Donald Miller wa Rochester, Marekani, walivitumia vioo vya aina hiyo kusahihisha kasoro za lenzi na konea za binadamu, na seli mojamoja za kupokea mwanga zikaonekana katika jicho la mtu aliye hai. Mashine hizo bado hutumika zaidi katika vituo vya utafiti. OCT ndiyo iliyoingia kliniki.

Majeraha ya jua ni machache. Yaliyo mengi ni ya pigo: ngumi, mpira wa miguu uliopigwa kwa karibu, jiwe, kipande cha kuni kilichoruka, au ule mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli na pikipiki unaochomoka na kumrudia mwenyewe usoni. Jicho halipasuki, kwa nje kuna wekundu na uvimbe tu, lakini wimbi la pigo limepita ndani na kuitikisa retina.

Mwaka 1873 daktari Mjerumani Rudolf Berlin aliyachunguza mapigo kama hayo kwa kutumia sungura. Aliona retina ikigeuka nyeupe saa chache baada ya pigo, akafikiri ni uvimbe wa maji, na kwa zaidi ya miaka mia vitabu vya macho vikaiita hali hiyo uvimbe wa Berlin. OCT ilipokuja, madaktari waliutafuta uvimbe huo na mara nyingi hawakuukuta. Walichokikuta ni vurugu katika zile seli za kupokea mwanga, ncha zake zimetikisika au zimevunjika. Tofauti hiyo ina uzito kwa mgonjwa. Seli zilizotikisika tu huweza kujipanga upya ndani ya wiki kadhaa, na kwenye picha mstari unaong'aa huonekana ukirudi. Zilizokufa hazirudi. Siku ya kwanza retina yaweza kuwa nyeupe vilevile kwa atakayepona na kwa asiyepona, lakini picha ya pembeni ya tabaka huanza kuwatenganisha mapema.

Pigo likiwa kali, kitovu cha makula huweza kutoboka. Tundu la namna hiyo lilielezwa na Hermann Knapp tangu mwaka 1869, na kwa zaidi ya miaka mia moja hapakuwa na la kufanya. Mwaka 1991, mwaka uleule wa OCT, Neil Kelly na Robert Wendel wa California walichapisha matokeo ya upasuaji wa kuondoa ute unaojaza jicho na kuweka gesi inayosukuma kingo za tundu zikutane, mgonjwa akilala kifudifudi kwa siku kadhaa. Ulikuwa ukombozi. Ila matundu yatokanayo na mapigo, hasa kwa vijana, yana tabia ya pekee: baadhi hujifunga yenyewe. Je, daktari apasue leo, au asubiri?

Hapa ndipo picha za kurudiarudia zinapofanya kazi ambayo hakuna kitu kingine kinachoweza kuifanya. Kijana hupigwa OCT wiki hii, kisha tena baada ya wiki chache. Zikilinganishwa, kingo za tundu zinaonekana zimesogeleana, au zimebaki palepale, au zimeanza kukunjamana na kujaa maji. Kama zinasogeleana, kijana anaepushwa na upasuaji wenye hatari zake, ukiwemo ugonjwa wa mtoto wa jicho. Kama hazisogei, hakuna tena sababu ya kungoja mpaka seli za kingoni zife. Picha moja tu isingetoa uamuzi huo. Ni jambo linalopaswa kusisitizwa kwa kila anayenunua mashine kwa ajili ya hospitali: thamani yake iko katika picha ya pili na ya tatu, na katika kuitunza ile ya kwanza ili wakati huo iwepo ya kulinganishia.

Si kila tundu lina bahati hiyo. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya retina ya mtoto wa miaka 9 kutoka Ugiriki aliyekuwa akichezea taa ya leza ya kijani na kuikodolea mara kwa mara. Kwenye makula ya jicho la kushoto palikuwa na tundu kubwa, na chini yake makovu mengine mawili. Jicho hilo liliona kwa umbali wa futi 20 kile ambacho jicho zima hukiona kwa futi 100. Mwaka mmoja na nusu baadaye hali ilikuwa ileile. Taa za namna hiyo huuzwa kama vitu vya kuchezea, na nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko si lazima iwe ndiyo iliyomo. Mzazi aliyemnunulia mwanawe amnyang'anye leo.

Sasa, kupona kwenyewe kunapimwaje? Chati ya herufi hupima jambo moja, ukali wa uoni penye mwanga mzuri na herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Mtu mwenye kidoa kidogo hujifunza kuipisha herufi pembeni ya doa na kuisoma. Msichana wa New York alikuwa hivyo. Kwa upande mwingine, wapo ambao picha yao imerudi kuwa nzuri na bado wanalalamika kwamba mistari imepinda au rangi zimefifia, nao wanasema kweli. Daktari Mswisi Marc Amsler aliacha kipimo cha bei ya chini kuliko vyote: karatasi yenye vyumba vya mraba na nukta katikati. Mgonjwa huziba jicho moja, hukazia nukta, kisha huonyesha mistari ilipopinda au kupotea. Daftari la hesabu la mtoto wa shule linatosha kuanzia.

Uingereza ilipata somo zuri mwaka 1999. Jua lilipopatwa tarehe 11 Agosti, hospitali ya Leicester Royal Infirmary ilipokea watu 45 waliohofia macho yao baada ya kulitazama. Madaktari waliwafuatilia na kutoa taarifa katika jarida la Lancet mwaka 2001. Baada ya miezi 7, watu 4 tu walikuwa bado wanaona kivuli cha jeraha. Takwimu hiyo inatuliza na kutia hofu kwa pamoja. Wengi hupona bila dawa, na ni vizuri hivyo, maana hakuna dawa iliyothibitika kuponya jeraha la jua kwenye retina. Wale wanne hawakuwa na namna ya kujijua siku ya kwanza kwamba ndio watakaobaki na doa. Leicester ya mwaka 1999 haikuwa na picha za tabaka kama za leo. Sasa upana wa ule ufa kwenye mstari unaong'aa humpa daktari cha kusema: huyu atarudi karibu kama zamani, huyu tumwandae.

Yapo macho yanayoikataa kamera kabisa, na Nairobi inayajua. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, watu waliokuwa maofisini karibu na ubalozi wa Marekani walisikia mlipuko mdogo, wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Sekunde chache baadaye bomu likalipuka, na vioo vikawajia usoni. Zaidi ya watu 200 waliuawa Nairobi, na wengine 11 Dar es Salaam siku hiyohiyo. Maelfu walijeruhiwa, na majeraha ya macho yalikuwa mengi kiasi cha kuzidi uwezo wa wataalamu waliokuwepo.

Jicho lililopasuliwa na kioo hujaa damu. Mwanga hauingii, kwa hiyo kamera haina la kupiga na OCT haina mwangwi wa kusikiliza. Hapo hutegemewa ultrasaundi, ambayo sauti yake hupita kwenye damu na kueleza kama retina imebanduka ukutani. Nayo ina sharti lake: kifaa kisikandamizwe juu ya jicho lililo wazi, maana kilichomo ndani kitatoka. Kipande cha chuma, kama kile kinachomruka fundi anayegonga patasi, hutafutwa kwa eksirei au CT. Mashine ya MRI haikaribiwi mpaka ijulikane hakuna chuma, kwa sababu sumaku yake huweza kukisogeza ndani ya jicho. Na kabla ya yote hayo, nyumbani au karakanani, jicho lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, mathalani kitako cha kikombe cha plastiki. Lisioshwe kwa nguvu, lisitiwe dawa ya majani wala maziwa ya mama.

Mwaka 2002 daktari Ferenc Kuhn na wenzake walitumia kumbukumbu za zaidi ya majeraha 2,500 kutoka Marekani na Hungary kutengeneza kipimo cha kubashiri uoni utakaobaki. Wanahesabu kama jicho limepasuka, kama kuna maambukizi, kama retina imebanduka, na mboni inavyoitikia tochi. Lakini alama nyingi kuliko zote zinatokana na swali la kwanza kabisa la mapokezi: unaona nini sasa? Herufi, vidole, mkono unaopunga, mwanga tu, au giza? Muuguzi wa zahanati anaweza kuliuliza na kuliandika. Likiandikwa, daktari wa rufaa atakayefungua jicho kesho ana pa kuanzia. Lisipoandikwa, hata mashine ya bei gani haitalirudisha.

Mzigo wenyewe ni mkubwa. Makadirio ya Négrel na Thylefors yaliyotolewa mwaka 1998 yalionyesha kwamba kila mwaka duniani hutokea majeraha ya macho milioni 55 yanayomzuia mtu shughuli zake kwa zaidi ya siku moja, na watu milioni 19 wamebaki na upofu au uoni hafifu wa jicho moja kwa sababu ya majeraha. Jicho moja. Kwa dereva wa lori, fundi wa kuchomelea au mshonaji, jicho moja ni kazi nzima.

Na watu hao hawaishi karibu na mashine. Ndiyo sababu kazi iliyofanyika Nakuru, Kenya, inastahili heshima. Daktari Mwingereza Andrew Bastawrous na wenzake wa Kenya walizunguka vituo 100 vya kaunti hiyo kufuatilia afya ya macho, wakibeba kamera kubwa za hospitali kwenye magari kupita barabara mbovu na vijiji visivyo na umeme. Kutokana na taabu hiyo walitengeneza kifaa kinachobandikwa kwenye simu na kupiga picha ya nyuma ya jicho. Mwaka 2016 walionyesha katika JAMA Ophthalmology kwamba picha za mwanzo wa neva ya jicho zilizopigwa kwa simu zinasomeka kwa kiwango kinacholingana na za kamera ya mezani, na kwamba asiye mtaalamu wa macho akifundishwa anaweza kuzipiga. Simu haitafanya kazi ya OCT. Haioni tabaka, haioni ule ufa wa mikroni chache. Lakini retina iliyogeuka nyeupe, damu iliyotapakaa, tundu kubwa la makula, vyote hivyo huingia kwenye picha, na picha husafiri kwenda kwa daktari bingwa Nairobi au Moshi kabla mgonjwa hajapata nauli.

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, kivuli cha mwezi kitaanzia Atlantiki, kipite kusini mwa Hispania na Afrika Kaskazini, kiifunike Luxor kwa zaidi ya dakika 6, kivuke Bahari ya Shamu hadi Jidda na Makka, kishuke Yemen na kumalizikia Bahari ya Hindi baada ya kupita Somalia. Kenya, Uganda, Tanzania na Omani zitaona jua likimegwa tu, mchana. Wenye kumbukumbu ya Septemba 2016, jua lilipokuwa pete juu ya Rujewa mkoani Mbeya, wanajua watu watakavyotoka nje. Watoke, ni jambo la kuonwa. Lakini kwa anayeishi nje ya njia ya giza kamili hakuna hata sekunde moja ambayo jua litakuwa salama kwa macho matupu.

Wapo watakaotoa filamu ya eksirei ya zamani, wengine CD, wengine kioo kilichopakwa masizi, na wengi watakumbuka beseni la maji la bibi. Kuhusu beseni, hesabu ni rahisi. Miwani iliyotimiza kiwango cha kimataifa, ISO 12312-2, huruhusu mwanga usiozidi asilimia 0.0032. Jua likiwa juu, uso wa maji hurudisha takriban asilimia 2, na hiyo ni zaidi ya mara 600. Aliye salama ni yule anayetoboa tundu dogo kwenye kadi, akalipa jua mgongo, na kuitazama taswira ikimegwa kwenye karatasi au ukutani. Watoto wa darasa zima wanaweza kutazama hivyo kwa pamoja.

Vituo vya afya navyo vina la kuandaa mapema: chati ya herufi ukutani, karatasi za Amsler, simu yenye kifaa chake pale inapowezekana, na jina la daktari wa macho wa kupelekewa picha. Atakayekuja tarehe 3 Agosti akisema anaona doa katikati ya kila anachokitazama, apimwe kila jicho peke yake, achore anachokiona, picha yake iwekwe na tarehe, apangiwe kurudi baada ya wiki chache, na asirudishwe nyumbani kwa sababu tu amesoma chati hadi mstari wa mwisho.